Maneno Niliyomwambia Mungu

Jumatatu, 3 Machi

Wamekubali! Direkta amepigiwa simu asubuhi, akaniita jikoni kwa sauti ya mtu aliyeungua. Nikaja mbio na taulo lenye maji — namkuta anacheza peke yake na mwiko mkononi. "Wamekubali, mke wangu! Filamu inapigwa!" Akanishika kiuno, tukazunguka kati ya jiko na friji mpaka binti yetu akatoka chumbani na povu la dawa ya meno mdomoni, akauliza kama atuitie daktari.

Mume wangu namwita Direkta kama wenzake wa kazini wanavyomwita. Nilianza kwa utani, likaganda.

Namshukuru Mungu. Lazima nianze hapo, maana nikianza na mengine nitakufuru. Kwetu huyu mtu alikuwa akipiga video za harusi na mahafali, na watu walikuwa wanasogeza tarehe ya harusi ili wampate yeye. Halafu akapiga filamu ambayo wakubwa hawakuipenda. Tukaondoka na mabegi mawili na watoto wawili. Makaratasi ya kukaa huku tulipewa tukiwa na mtoto mmoja. Basi, sitaki kuandika zaidi, leo ni siku ya furaha.

Hapana, niandike tu, nani ananizuia? Filamu yake ya kwanza ya huku aliipiga palepale kambini, kambi ya kupokelea wageni, kwa kamera ya kuazima. Ikapata tuzo. Tuzo ndiyo iliyotufungulia milango. Halafu? Halafu kiwanda cha mikate. Zamu ya alfajiri, unga kwenye kope. Wenye tuzo yao walimpigia makofi, wakavaa makoti yao, wakaenda. Baadaye akapata matangazo ya magodoro. Mtu aliyeambiwa ana jicho la pekee, anaongoza godoro! "Godoro halichelewi kazini," alikuwa akisema, tunacheka. Tulicheka sana miaka ile. Tusingecheka tungefanya nini.

Sasa hii ndiyo filamu yake kubwa. Nimeiandika mimi — kwa vidole, si kwa akili. Direkta hawezi kukaa akaandika. Anatembea ukumbini, kutoka mlango wa bafu hadi mlango wa nje, anasema kila kitu kwa sauti, waigizaji wote yeye. Mimi nimekaa kwenye meza ya kupigia pasi na kompyuta, naandika. Niliishia darasa la saba lakini sijawahi kumwangusha. Kila kazi yake imepita hapo kwenye meza ya pasi.

Inahusu familia fulani iliyo safarini, mtoto wao akaugua. Familia fulani! Utadhani ni majirani. Nikaendelea kuandika. Tulipofika kwenye chumba cha wagonjwa, Direkta alisimama karibu na bafu akasema hapo hakuna maneno. "Andika: mama na mtoto. Kimya." Nikaandika. Moyoni nikasema, huyu mtu ana utu bado.

Na mimi nimepata kazi! Filamu itakuwa kwa lugha yetu, na mwigizaji wa kumwigiza mama amezaliwa huku, ulimi mzito. Nitamfundisha matamshi. Mtayarishaji amesema jina langu litatokea mwishoni kwenye skrini. Huyu mtayarishaji tunamwita Mama Bajeti, kwa sababu hata ukimsalimia anajibu bajeti.

Alhamisi, 6 Machi

Mwigizaji amekuja. Binti mrefu, kichwa kimenyolewa, viatu vya kiume. Alivivua mlangoni bila kuambiwa, nikampenda hapohapo.

Wazazi wake wametoka pande zetu, lakini anasema nyumbani kwao lugha yetu ilikuwa ya ugomvi tu. "Walipendana kwa lugha ya hapa, wakagombana kwa ya kwetu. Kwa hiyo mimi, Mama, najua kutukana tu."

"Hebu nitukane nisikie."

Akanitukana. Mungu wangu! Tusi la kugusa ukoo mzima, kwa sauti tamu ya msoma taarifa ya habari. Chai ilinitoka puani. Binti yangu akachungulia: "Mama, nani anamfundisha nani?"

Tumeanza. Njia yangu ni moja: asishike karatasi, ashike kazi. Nikampa maharage achambue, nikamwambia sema huku unachambua. Mkono ukiwa na shughuli, mdomo unasahau kuogopa. Mama yangu alinifundisha sala hivyohivyo, tukipukuchua mahindi. Sentensi ya kwanza ilikuwa "Sogea karibu, mwanangu." Alianza kuisema kama anafukuza mbwa. Tukaenda nayo taratibu, bakuli zima la maharage. Mwishoni aliisema vizuri kiasi kwamba mwili wangu wenyewe ulisogea.

Alipoondoka niliosha vikombe nikiwa na furaha, halafu ghafla si furaha. Mwanangu angekuwa na miaka ishirini sasa. Angekuwa mrefu kama huyu, na viatu vikubwa hivyohivyo mlangoni.

Jumapili, 9 Machi

Ibada nzuri. Mama mchungaji amenitangaza mbele ya kina mama wote: dada yetu anaingia kwenye filamu! Wamepiga vigelegele. Mmoja akauliza kama ni filamu ya heshima. Nikasema ni ya heshima kabisa, mume wangu hapigi upuuzi.

Jumanne, 11 Machi

Direkta alitaka nikaone chumba cha wagonjwa walichojenga, nimwambie kama kiko sawa. Wamekijengea ndani ya ghala kubwa. Zamani lilikuwa ghala la magodoro. Yamemfuata! Nikamwambia, akacheka kwa pua.

Niliingia nikiwa nimejikaza. Kitanda kilekile cha chuma chenye rangi iliyobanduka. Ndoo chini yake. Taa ya mirija inayotetemeka. Nilisimama katikati ya mbao na misumari. Fundi seremala akanisogezea kiti. Nikamwambia ahsante, sikai hapo.

Kitu kimoja tu kilikosewa. Mlango wameuweka nyuma ya kiti cha mama. Mimi nakumbuka ulikuwa kushoto. Nikamwambia Direkta.

"Wa kushoto ulikuwa wa kabati la dawa," akasema. "Wa kuingilia ulikuwa nyuma yako. Mlango wenyewe una kioo kidogo cha kuonea juu."

"Wewe umejuaje, uliyefika wameshamfunika?"

Nimesema hivyo mbele ya seremala. Fundi akaanza kutafuta msumari ambao haukupotea.  Direkta alipapasa ubao wa mlango, akasema mlango ubaki hapo hapo.

Hilo ni neno langu la siku zote. Ulichelewa. Mtoto wake anawaka homa, kichomi kimembana mbavu, yeye yuko kwenye uzio na kamera ya watu anapiga picha foleni ya uji. Nalitoa kama mtu anavyochomoa kisu cha jikoni — hata siangalii droo. Tunagombania bili ya umeme, natoa. Amesahau kununua sabuni, natoa. Yeye huinamisha kichwa, hajawahi kubisha hata siku moja.

Na picha za siku ile ndizo zilizopata tuzo. Siku ileile.

Ijumaa, 14 Machi

Nitaandika yote kama yalivyokuwa.

Binti mwigizaji amekuja asubuhi ana furaha tele. "Mama, leo nakushtukiza! Nimejifunza mwenyewe ukurasa mpya." Nilikuwa nakunja nguo. Nikamwambia haya, shika shuka huku, mimi nashika huku, tukunje, wewe sema.

Akavuta shuka, akasema:

"Ungemchukua baba yake. Huyu ungeniachia."

Chumbani siku ile hapakuwa na mtu. Nesi alikuwa ametoka kuita gari. Binti yangu, miaka minne, alikuwa kwa mama wa chumba cha pili. Nilikuwa mimi, na mtoto ambaye mkono wake ulikuwa bado na joto, na Mungu. Sikupiga kelele. Maneno hayo niliyasema kwa sauti ya chini, kama unavyoongea na mtu aliye karibu. Sijayarudia tena. Si kwa mchungaji, si kwa mume, si humu ninamoandika.

Na unajua nilifanya nini? Nilimrekebisha! Mdomo wangu wenyewe, kwa mazoea. "Usipandishe mwishoni," nikasema, "si swali." Akarudia. "Taratibu." Akarudia. Tukakunja ile shuka mpaka ikawa ndogo kama kitabu, hatuna tena pa kukunja, tunashika tu.

"Kali, eh?" akasema. "Huyu mama ana roho! Anamtoa mumewe kwa Mungu hivihivi, kama anarudisha bidhaa dukani."

Nikamuuliza nani ameandika.

"Direkta. Alituma sauti, mkalimani wa Mama Bajeti akaandika. Ngoja." Akabonyeza simu.

Sauti ya mume wangu. Anasema maneno yangu. Taratibu, bila kuigiza, kama anayetaja vitu vya kununua sokoni. Halafu anaendelea: Kamera iko kwenye uso wa baba. Baba yuko mlangoni, anatazama kwenye kioo. Amesikia. Mama tunamwona mgongo tu.

Binti akauliza kama naumwa. Nikasema kichwa. Nikamfungia chakula aende nacho. Nadhani yule mkalimani aliambiwa ukurasa huu nisionyeshwe, na hakuna aliyekumbuka kumwambia msichana. Yeye kila kitu analeta kwangu. Ndivyo nilivyomfundisha.

Kwa hiyo alikuwepo.

Jumamosi, 15 Machi

Nimepika. Nimepiga pasi. Hatujasemezana zaidi ya chumvi iko wapi. Nimepiga magoti, sala haikutoka. Nilijisikia kama mtu anayeongea kwenye simu na anajua kuna mwingine anasikiliza.

Jumapili, 16 Machi

Tulitoka kanisani, akabeba kapu la nguo kwenda chumba cha kufulia, kule chini ya jengo. Nikamfuata. Mashine zilikuwa zinazunguka. Nilitaka kelele.

"Umeyatoa wapi maneno yale?"

Alijua mara moja. Sifa hiyo nampa, hakujifanya. "Niliyasikia."

"Wapi?"

"Mlangoni. Wa nyuma yako." Alikuwa ameshika soksi moja. "Nilikuja mbio, mke wangu. Kamera ikiwa shingoni. Nikakuona mgongo kwenye kioo. Nikasukuma mlango kidogo, na wewe ukasema. Nikaurudisha mlango."

"Ukaenda wapi?"

"Kwenye mabomba. Nikanawa mikono. Nikanawa tena. Halafu nikarudi kama mtu anayefika."

Nilikaa juu ya mashine, ikanitetemesha mwili mzima kama gari bovu. Miaka yote hiyo namwambia alichelewa. Mbele ya dada yake, mbele ya mtoto, mbele ya seremala! Na yeye anainamisha kichwa. Ningejua jibu lake ningekata ulimi. Au nisingekata. Sijui.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie nini? Kwamba nimekusikia ukiniombea kifo?"

"Sikukuombea kifo! Nilimwombea mwanangu uhai!"

"Kwa bei gani?"

Hapo nilitaka kumpiga na kapu. Ndiyo nilisema. Nilikuwa mama wa mtoto anayekata roho, ulitaka niseme nini, Mapenzi yako yatimizwe? Nilisema hilo baadaye. Nimelisema kila siku tangu siku ile. Lakini siku ileile nilimwambia Mungu ninachotaka, na Mungu ndiye aliyekuwa anahusika, si mtu mwingine.

"Na sasa unamwambia msichana wa watu," nikasema. "Unauambia ulimwengu mzima, mimi unaniacha nijue kwa kukunja shuka."

Akafikiri. Kweli alifikiri. "Wewe ungenijibu," akasema. "Kamera hainijibu."

Bibi wa ghorofa ya kwanza akaingia na ndoo yake, akauliza kama kuna mashine iliyo wazi. Sote wawili tukamwonyesha. Tukasimama mbalimbali, kama watu wasiojuana, mpaka alipomaliza kutia sabuni, na anavyotia sabuni yule bibi, kijiko kwa kijiko kama anampa mtoto dawa.

Alipotoka Direkta akasema: "Ukisema niutoe ule ukurasa, nitautoa. Neno lako tu."

Amenitupia mpira! Nikisema toa, mimi ndiye niliyeiua filamu yake, baada ya mikate yote na magodoro yote. Nikinyamaza, watu wataisikia dua yangu huku wakitafuna bisi. Na uso utakaolia pale kwenye skrini ni wa baba aliyesimama mlangoni, maskini wa Mungu, kasikia neno baya. Mimi mgongo. Mimi mgongo tu, na mtoto kwenye mapaja.

Jumatatu, 17 Machi

Binti yetu anajua. Kuta zetu ni karatasi. Alikuja kukaa kwenye ukingo wa kitanda, akanivuta kidole cha mguu kama alivyokuwa akifanya akiwa mdogo.

"Mmenuniana kwa sababu ya skripti."

"Kula kwanza, mengine utayajua."

"Nimeisoma yote, Mama. Yule mkalimani alimtumia Baba, Baba akaiacha wazi kwenye kompyuta. Umeona familia hiyo ina watoto wangapi?"

Sikuwa nimeona. Mimi niliyeandika kurasa zote! Mtoto mmoja. Yule anayeugua. Nilikuwa naandika "mtoto", "mtoto", vidole vinakwenda, sikuuliza mwingine yuko wapi.

"Nilimuuliza," akasema. "Akaniambia waigizaji watoto ni ghali, Mama Bajeti alikataa wawili. Kwa hiyo mimi nimekufa kabla ya filamu kuanza. Wala sikuugua." Akacheka. Huyu mtoto anacheka kama baba yake, kwa pua. "Nyie gombaneni nani alikuwa mlangoni na nani alisema nini. Mimi nilikuwa nimekaa kwa mama wa chumba cha pili na kijiko mkononi, nasubiri mtu aje kunichukua. Mlikuja jioni. Mmoja mmoja."

Nikamshika. Akakubali kushikwa kidogo, halafu akasema ana darasa.

Jumatano, 19 Machi

Leo sala imetoka. Fupi. Nimemwambia: Wewe ulisikia siku ile, na hukukasirika, au ulikasirika ukanyamaza. Mimi sina cha kukuficha. Lakini hawa wengine watakaosikia siwajui.

Direkta analala sebuleni. Anasema ni mgongo wake, eti godoro letu limekwisha. Mtaalamu! Asubuhi ameuliza kwa mara nyingine, akiwa anafunga kamba za viatu, asinitazame: nitoe, nisitoe? Nikamwambia sijasema utoe, na sijasema uache. Akasema ukurasa huo unapigwa Ijumaa. Nikasema basi wewe una mpaka Ijumaa. Akasimama. "Mimi au wewe?"

Nimeamua siendi Ijumaa. Nitabaki kwangu nisafishe oveni.

Ijumaa, 21 Machi

Niko ghalani. Nimekuja.

Saa nne Mama Bajeti alipiga simu mwenyewe, na mkalimani wake pembeni. Msichana amekwama, wanapoteza siku, bajeti, bajeti, tafadhali Mama. Akaniletea gari. Nilikuwa na glavu za oveni mikononi, nikazivua nikiwa tayari nimekaa kwenye kiti cha nyuma.

Nimewakuta wamechoka wote. Binti amekaa kwenye kile kiti, macho mekundu. Ameyasema kwa kulia, ameyasema kwa kelele, ameyasema akiuma meno. Kila akimaliza Direkta anasema bado. Anaulizwa bado nini, hasemi. Mwigizaji wa baba, mwanamume mpole mwenye tumbo, amesimama nyuma ya mlango tangu asubuhi anatazama kwenye kioo, na kamera puani pake. Aliniamkia kwa heshima. Akaninong'oneza, "Shemeji, mimi nimeshasikia vya kutosha, hata mke wangu namwogopa."

Msichana aliponiona akainuka. Akamuuliza Direkta mbele ya wote, kwa lugha yetu, kwa lafudhi nzuri kabisa, na niliona fahari hata katika hali ile: "Niambie kitu kimoja tu. Alimaanisha?"

Direkta akavua hedifoni. "Sijui," akasema. "Muulize Mama."

Wasiojua lugha yetu hawakuelewa, lakini wote waligeuka wakanitazama. Mtu wa maikrofoni alibaki na fimbo yake juu.

Nilimtazama mume wangu, simtazami msichana. "Alimaanisha," nikasema.

Hakushtuka. Aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayeambiwa na daktari jambo ambalo mwili wake ulishamwambia.

"Alimaanisha kabisa. Angekubali kubadilishana na yeyote. Na baba, na yeye mwenyewe, na nesi, na mimi na wewe. Baba ndiye aliyekuwa wa karibu mdomoni. Na hakulia. Mwambie asilie. Anaongea na mtu anayemjua. Anaweka madai yake." Nikanyoosha kidole mlangoni. "Na kamera mmeiweka kwa nani pale? Kwa baba? Maneno ni ya nani?"

Mkalimani akawa anamtafsiria Mama Bajeti haraka haraka. Mama Bajeti akasema kuhamisha kamera na taa ni saa nzima, hatuna saa nzima. Mpiga kamera, mwanamke mfupi asiyesema, akamwangalia Direkta.

"Igeuzeni," Direkta akasema. "Kwa mama. Usoni."

"Na baba?" akauliza mwenye tumbo.

"Baba aende akale."

Ndipo nikaomba kiti na wakaanza kusogeza mataa, na ndiyo nafasi niliyopata ya kuandika haya. Naandika haraka. Direkta alikuja kuchuchumaa mbele yangu. Nywele zake zimekuwa nyeupe pembeni, nilikuwa sijaziangalia mchana siku nyingi. Akaniwekea hedifoni mapajani.

"Mimi siwezi kuyasikia tena," akasema. "Nilidhani naweza. Nimeyasikia asubuhi nzima. Nitakuwa kwenye gari, lile jeupe, mbele ya lango."

Nikamwambia ndiyo kazi yako hii, umekula unga miaka mingapi kwa ajili yake.

"Wewe unajua lilivyosemwa. Likiwa si lenyewe, warudie. Likiwa lenyewe, njoo uniambie." Akasimama, magoti yakalia. Akaenda kwa mlango mkubwa wa ghala, hakugeuka. Nilitaka kusema neno langu la zamani, lilikuja lenyewe mpaka kwenye meno. Lakini safari hii ameniaga. Safari hii ameniambia yuko wapi.

Sijamsamehe. Niandike hilo wazi, nisije nikajidanganya kesho. Wala yeye hajanisamehe.

Mama Bajeti amekuja na kitabu chake cha ratiba akamuuliza mkalimani direkta yuko wapi. Mkalimani akainua mabega, akaninyooshea mkono mimi.

Taa zimetulia. Wananyamaza mmoja mmoja. Msichana amekaa na amemlaza yule mtoto wa kuigiza mapajani, mtoto wa watu, mzima kabisa, ametoka kula biskuti, ana makombo mdomoni. Amemwekea kiganja kwenye paji la uso. Sasa namwona uso wake wote kwenye skrini ndogo mbele yangu. Mpiga kamera amenyoosha dole gumba. Wa maikrofoni naye. Neno la kuanzisha ni la direkta na direkta hayupo, wananitazama mimi. Nimevaa hedifoni yake, bado ina joto la masikio yake. Nasikia pumzi za huyu binti kana kwamba ziko ndani ya kichwa changu. Amefumba macho, amefumbua. Yuko tayari, na mimi naweka kalamu chini, niwape hilo neno.